Mjane wa Mtu Aliye Hai

Kidole gumba cha Bi Kusum kilikuwa kimeshachovywa kwenye poda nyekundu ya wenye waume kilipofika mbele ya paji la Sulabha, na hapo kikasimama. Wanawake waliokaa mkekani, kila mmoja na alama yake mbichi usoni, waliacha kutafuna vitamutamu vyao vya ufuta. Sulabha alikuwa ameinua uso kama alivyouinua kila Januari katika nyumba ile ya Bi Kusum tangu aletwe mjini Wai akiwa bibi harusi. Alikuwa hata amefumba macho.

"Ee, Dada Sulabha," Bi Kusum akasema. "Sasa wewe tukufanyeje?"

"Mnifanyeje nini?"

"Usinielewe vibaya. Ungekuwa mjane ningejua. Ungekuwa na mume ningejua vilevile. Wewe ndiyo nashindwa kukusoma."

"Mpake nusu," mtu akasema kule nyuma, na wenzake wakaficha vicheko kwenye ncha za sari.

Bi Kusum si mtu mbaya, na mtaani kwetu hilo tunalijua. Alifuta kidole kwenye ukingo wa kikopo, akamwekea Sulabha ufuta mkononi kama anavyopewa mtoto asiyejua kinachoendelea, akampita na kumpaka jirani yake. Sulabha alikaa kidogo ili asionekane anakimbia. Kisha akasema ameacha maziwa jikoni, akaondoka. Hakukuwa na maziwa yoyote jikoni.

Mume wake, Mwalimu Yashwant Pendse, alikuwa hai na afya yake haikuwa mbaya. Alikuwa pia amekufa. Baada ya mvua kwisha alishuka mtoni na watawa wawili, akanyolewa kichwa, akajiwekea mwenyewe matonge ya wali ambayo mtoto humwekea baba yake marehemu, akajifanyia matanga yake, akaingia majini na kutoka na nguo ya rangi ya machungwa na jina jipya. Mtu akishafanya hivyo, kwa nyumba yake ameondoka duniani. Alikwenda kutafuta furaha. Alikuwa amesoma, na amemweleza kila mtu hadi muuza maziwa, kwamba furaha haiko kwa mke wala kwa mtoto wala kwenye pensheni wala kwenye embe. Iko ndani ya mtu mwenyewe, na kinachotakiwa ni kuondoa vilivyoifunika. Sulabha alisikiliza haya kwa miaka huku akipika, bila kujua kwamba katika vilivyoifunika na yeye yumo.

Lakini kilichokuwa kikimla moyo si hicho. Watawa hawampokei mwenye mke mpaka mke aruhusu, na ruhusa aliitoa yeye. Mara mbili Yashwant aliomba, naye akacheka, kwa sababu huyu ndiye mtu aliyewahi kuacha chai kwa maisha yake yote na kuirudia kabla ya wiki kwisha. Safari iliyofuata gesi ilikuwa imekwisha, yeye anachambua mchele, na mwanamume amesimama mlangoni mwa jiko anasema, "Ninyi ndio mnaonifunga." Sulabha akajibu bila kuinua kichwa, "Nenda basi. Nani amekushika?" Mtawa alipokuja kuuliza kama ni kweli ameruhusu, majirani walikuwa wamejaa kibarazani, na kiburi kikamjibia. Ndiyo, akasema, nimeruhusu. Alimtarajia arudi kabla ya Diwali, sikukuu ya taa. Diwali ikapita, taa akaziwasha peke yake.

Siku chache baada ya aibu ya ufuta, Malati alikuja kutoka Satara. Huyu ndiye mama mkwe wa Ketaki, binti pekee wa Sulabha, na alikuja na Ketaki mwenyewe, tumbo limetangulia, pamoja na kikapu cha machungwa. Walipokwisha kunywa chai Malati akaweka kikombe chini polepole.

"Mzaa mwenzangu, sikuja kwa ubaya. Siku ya kumjaza Ketaki pindo tumeipata, ni Alhamisi ijayo. Karibu sana. Ila atakayeanza kujaza ni shangazi wa mumewe Hrishi. Wewe utakaa tu, upumzike."

"Nipumzike na kazi gani niliyoifanya?"

"Usinifanye niseme."

"Sema, Malati. Umetoka Satara kuja kusema."

Malati akamtazama Ketaki, akayashusha macho. Mimba ikifika mwezi wa saba kwa mara ya kwanza, wanawake wenye waume hai humwagia mjamzito mchele na nazi kwenye pindo la sari yake, na mama yake ndiye huanza. Baada ya hapo binti huenda kwao kuzaa. Mjane hagusi mchele ule. Hakuna aliyeiandika desturi hii ukutani, ila hakuna asiyeijua.

"Ile mimba ya mwaka jana ilitoka," Malati akasema, na sauti yake ikashuka. "Ninyi mlikuja siku ya pili. Mimi ndiye nilikuwa naye bafuni. Siwezi tena, dada. Sitaki kitu chochote chenye shaka kimguse huyu mtoto." Machozi yakamjaa, nayo yalikuwa machozi ya kweli, na hilo lilimuumiza Sulabha kuliko kama angetukanwa.

"Na mimi je?" Ketaki akadakia. "Mimi mwenye tumbo siulizwi? Nataka mikono ya mama yangu. Simtaki shangazi, ana makucha kama mwewe."

"Nyamaza, Ketaki."

"Sinyamazi, Mama. Baba ameondoka na wewe ukaondoka naye? Nimebaki na nani?"

Wakamwita Guruji Bapat, kuhani anayekaa nyumba ya tatu, ambaye kwa ndoa na vifo vya mtaa ule ndiye mwenye neno. Alikuja amevaa ndala za mkewe. Akasikiliza, akaomba chai, akainywa yote ndipo akasema, "Vitabu vinasema mambo mawili."

"Tuambie moja, Guruji," Malati akasema.

"Ndiyo shida. Kimoja kinasema nyumba imefiwa. Kingine kinasema mke wa mtawa abaki na alama zake maadamu mwili wa mumewe unapumua. Mimi nikisema hiki, wa kile watanijia juu." Akajikuna sikio. "Lakini mwenyewe yupo, si yupo? Akisema kwa kinywa chake kwamba mkewe bado ni mke, mimi nani nimpinge?"

"Hayo ndiyo maneno," Malati akasema, na uso wake ukafunguka. "Mzaa mwenzangu, nenda kwake. Ulete neno moja tu. Likiwa la heri, utaanza wewe, na Ketaki nitamleta hapa kwa mkono wangu azalie kwako. Lisipokuwepo, unielewe na wewe. Hatatoka kwangu."

Mlangoni Ketaki alimkumbatia mama yake kwa ubavu, kwa sababu ya tumbo. "Neno moja, Mama," akamnong'oneza. "Hata akiandika kwenye jani."

Makao ya watawa yako juu ya mji, basi halifiki. Sulabha alipanda kilima kwa miguu akiwa nyuma ya familia iliyobeba ndizi na mashada, yeye hana kitu mkononi. Mlinda mlango alimtazama mkononi kwanza, kisha usoni.

"Unamtaka nani, Mama?"

"Mwalimu Pendse."

"Hatuna huyo."

Ikabidi aseme lile jina jipya, refu, lililomchosha ulimi, na yule kijana akaonyesha zizi la ng'ombe. Yashwant alikuwa anafagia. Nywele zikiwa hazipo, masikio yake yalionekana makubwa kuliko alivyoyakumbuka. Alipomwona alishika ufagio kwa mikono miwili.

"Karibu, Mama," akasema.

"Mama yako marehemu tulimchoma Pune, nilikuwepo. Mimi ni Sulabha."

"Kwa mtawa kila mwanamke ni mama."

"Vizuri. Basi mama yako amekuja na shida, mwanangu. Kaa chini unisikilize."

Walikaa kwenye ukingo wa birika la maji, nafasi ya watu wawili kati yao. Sulabha akamweleza yote: poda, kicheko, machungwa, mwezi wa saba, Guruji na chai yake. Akamwambia anachotaka ni sentensi moja. Yashwant alisikiliza akitazama vidole vya miguu yake, kisha akaanza kuongea kwa ile sauti ya darasani.

"Unahangaika kwa sababu unaitafuta nje. Jiulize. Ukiwa usingizini, usingizi mzito usio na ndoto, una mume? Una binti? Una jina? Huna kitu. Na bado ukiamka unasema, nimelala raha mustarehe. Ile raha ilitoka wapi? Ni yako. Ni wewe mwenyewe."

"Mimi sijalala tangu uondoke," Sulabha akasema.

Ng'ombe mmoja akakojoa, wote wawili wakasubiri amalize.

"Nipe hiyo sentensi, Yashwant. Sema, Sulabha ni mke wangu. Halafu urudi kwenye mavi yako na furaha yako."

"Siwezi. Ni kiapo. Nikisema nina mke, leo hii hii wananitoa getini."

"Na mimi niliyetolewa mkekani?"

Hapo ndipo alipomtazama usoni. Akageuka huku na huku kama mwizi, akashusha sauti, na aliyeongea sasa hakuwa mtawa wala mwalimu.

"Sijaiona, Sulabha."

"Hujaona nini?"

"Hiyo furaha. Nakaa, nafumba macho, nangoja. Wenzangu wanakaa kama sanamu, nyuso zimetulia. Mimi kinachonijia ni ile sufuria yako ya presha. Naisikia inapiga filimbi, najua dengu zimeiva, machozi yananitoka. Wanadhani ni ibada. Juzi mkubwa wetu alinisifu mbele ya watu."

Sulabha hakujua acheke au ampige. "Rudi basi! Kumbe unangoja nini?"

"Nirudi niwe nani? Nimekula matanga yangu mwenyewe. Anayerudi wanamwita mla matapishi, na watoto niliowafundisha ndio watakaoniita hivyo dukani. Nyumba haina mimi, hapa sina kitu. Nimebaki hapa katikati." Akashika pindo la sari yake, yeye asiyeruhusiwa kumgusa mwanamke. "Usimwambie mtu. Nakuomba. Wakijua, hata huu ufagio watanipokonya."

"Umetuvua nguo sote ukafuate kitu," Sulabha akasema, "na kitu chenyewe hujakipata!"

"Ndiyo."

Kengele ikalia. Yashwant akaruka akaliachia pindo, akachukua ufagio, na kwa sauti ya kusikika akasema, "Nenda kwa amani, Mama." Sulabha akashuka kilima. Alikuwa na hasira hata njia haioni vizuri, na chini ya hasira ile palikuwa na woga mtupu.

Kwa sababu sasa alikuwa na njia mbili, na zote zilifunguka kwa mdomo wake. Angeweza kudanganya, aseme amelitamka, mimi ni mke. Nani atapanda kilima kuuliza? Alilijaribu neno hilo mbele ya kioo, likatoka vizuri mno. Au angeweza kusema kweli, kwamba yule mtu ni mtawa wa nguo tu, anaililia sufuria. Ingetosha Malati aisikie, na habari ingefika juu kabla ya chakula cha jioni. Wangemfukuza, angerudi nyumbani hai kabisa, na paji la Sulabha lingepakwa na kila kidole cha mji. Angepata mume asiyeweza kutoka nje kwa aibu. Lakini angekuwa mume. Wiki ile yote alipika asile.

Alhamisi nyumba ya Malati ilijaa. Ketaki alikuwa amekalishwa kwenye bembea iliyofungwa maua, sari ya kijani, maua masikioni, maua mikononi, na uso uliovimba kwa kulia. Malati alimkimbilia Sulabha mlangoni.

"Amesemaje?"

"Tuingie kwanza."

"Mzaa mwenzangu, amesemaje?"

"Niache nivue viatu, Malati."

Malati akaelewa anavyotaka kuelewa. Akamwonyesha kiti karibu na mlango wa jiko, mahali ambapo mtu anaweza kuonekana au asionekane, na wanawake wakaanza nyimbo. Shangazi yake Hrishi akainuka na sinia: mchele, nazi, popoo, kipande cha manjano. Alipoinama mbele ya bembea Ketaki akalikunja pindo lake, akalikumbatia tumboni.

"Bado. Mama kwanza."

"Ketaki, watu wanakutazama," shangazi akasema.

"Wanitazame. Ndicho walichojia."

Nyimbo zikafa moja moja. Malati akageuka, na mbele ya wote, kwa sauti ya mtu anayeomba zaidi ya anayeamuru, akasema, "Basi sema, dada. Kama lipo, liseme tulisikie. Mtawa amesemaje?"

Sulabha akasimama. Uongo ulikuwa tayari ulimini. Alimtazama Ketaki na akaona kwamba akiusema, mtoto aliye tumboni atalindwa na neno la uongo, ambalo yeye bibi yake atalihofia kila mtoto akikohoa. Akaufikiria ukweli, akamwona Yashwant getini na kichwa chake kitupu, hana pa kushika. Hakuuweza nao. Alimchukia, lakini si kwa kiasi hicho.

"Hakusema kitu," akasema. "Aliyekufa hasemi."

"Kwa hiyo wewe ni mjane," shangazi akasema, akarudi nyuma na sinia lake.

"Niite unavyotaka."

Alipeleka mikono nyuma ya shingo. Mkufu wake wa ndoa, wa shanga nyeusi, ulikuwa na kishikizo kigumu, Yashwant ndiye aliyezoea kukifungua siku za kuupeleka kwa sonara. Ulipofunguka mtu mmoja alipiga ukelele mdogo, maana mkufu ule mwanamke hajivui mwenyewe. Huvuliwa, na siku ya kuvuliwa inajulikana. Sulabha akauweka kwenye kiti alichokuwa amekalia.

"Huu ndio uliokuwa unawatatiza," akasema. "Sasa mimi si mke wa mtu, na huyo mnayesema nimefiwa naye sijamzika. Nimekuja kumjaza mwanangu pindo."

Asidhani mtu kwamba hakuogopa. Yeye mwenyewe alikuwa amewaruka wajane kwenye mikeka maisha yake yote, na alipochukua sinia kwa shangazi, aliyeliachia kwa mshangao tu, aliiona mikono yake kama vile wao walivyoiona. Kama kuna nuksi, ilikuwa humo, vidoleni. Akajiuliza ni nani huyu anayekwenda kumwaga. Mke hayupo. Mjane hayupo. Mke wa Mwalimu, jirani wa Bi Kusum, aliyetoa ruhusa kwa kiburi, wote aliwaangalia mmoja mmoja na hakuna aliyekuwa yeye. Na bado mtu alikuwepo, anaona, anapumua, hatikisiki.

Ketaki akatandaza pindo. Sulabha akamwaga mchele, akaweka nazi, akaweka popoo na manjano, na katikati ya ile aibu, huku wanawake wawili wakitoka nje wakinung'unika, furaha ikampanda. Alishangaa. Haikuwa ya ushindi, hakuwa ameshinda kitu. Haikuletwa na Yashwant, wala na Malati kukubali, kwani Malati alikuwa amejifunika uso. Haikuletwa hata na Ketaki aliyekuwa anacheka na kulia. Ilikuwepo tu, pana na kimya, kana kwamba ilikaa humo siku zote ikingoja vingine viondolewe. Akamfikiria Yashwant na ufagio wake, na kwa mara ya kwanza akamhurumia bila hasira. Alitamani kumwambia, na alijua hawezi.

Malati alifunua uso. Alikuwa mweupe midomoni.

"Umejaza," akasema. "Siwezi kuutoa mchele pindoni, itakuwa mbaya zaidi. Lakini Ketaki haendi Wai. Atazalia hapa. Na wewe hutakanyaga nyumba hii mpaka mtoto alie na mimi nimsikie."

"Mama!" Ketaki akamgeukia mama mkwe wake. "Nilizaliwa kwenye nyumba ile!"

"Nichukie, mwanangu. Nichukie tu."

"Malati," Sulabha akasema. "Nakuomba. Niko chini ya miguu yako." Na kweli alipiga magoti, mwanamke aliyekuwa amesimama wima muda mfupi uliopita, akashika miguu ya mzaa mwenzake mbele ya watu. "Usininyime kumshika siku hiyo. Niweke nje, kwenye ngazi. Nitakaa kwenye ngazi."

"Inuka, dada. Usinifanyie hivi." Malati alikuwa analia waziwazi. "Na akipatwa na kitu? Nitamlaumu nani?"

"Mimi. Utanilaumu mimi."

"Ndiyo maana usije."

Hrishi, mkwe wake, alimsindikiza hadi kituoni bila kuinua macho, akampa chapati za dengu tamu zilizofungwa kwenye gazeti. "Nitakupigia simu, Mama," akasema, na wote wawili walijua ataiomba ruhusa kwanza. Mkufu ulikuwa umebaki kwenye kiti. Hakuna aliyemkimbizia, naye hakurudi kuuchukua.

Kwenye basi mwanamke wa makamo alijibana kando yake, akaweka gunia miguuni, na kama ilivyo desturi yetu hakungoja hata gari liondoke.

"Unatoka kwa nani, dada?"

"Kwa binti yangu. Anakaribia kujifungua."

"Mungu ambariki. Sasa mbona unarudi naye hayupo? Si ndiyo wakati wa kumchukua?" Akaitazama shingo tupu ya Sulabha, kisha paji lake, kisha bangili za kijani za wenye waume zilizokuwa bado mkononi. Hesabu haikumkubali. "Na mume je, yupo?"

"Sijui," Sulabha akasema, na akaona kwamba hilo halimuumi.

Kilichomuuma ni Ketaki. Kilimuuma hata akashindwa kukaa vizuri, akainamia lile gazeti la chapati na kulia kwa sauti mbele za watu, yule mwanamke akimpigapiga mgongo na kumwambia basi, basi, dada yangu. Alilia hadi Wai. Na ile furaha, ambayo alikuwa na hakika itashuka kituo cha kwanza, ilikaa naye njia nzima.